Kushindana na mashua za matanga za rimoti: mwongozo wa anayeanza klabuni

Siku ya kwanza klabuni nenda mikono mitupu. Usinunue mashua, usiagize rimoti, usihangaike kusoma sheria. Vaa koti zito, beba chai kwenye chupa, ukasimame ukingoni asubuhi nzima uangalie. Klabu nyingi hapa Uingereza hushindana mara moja au mbili kwa wiki, Jumapili asubuhi na siku nyingine ya katikati ya wiki ambayo wastaafu wana nafasi, na mgeni anayefika akasalimia na kuuliza hupokewa vizuri. Mbio zikiisha hakosekani mtu wa kukupa rimoti yake ujaribu. Ukirudi nyumbani utakuwa umejua mambo ambayo duka haliwezi kukuambia: klabu ile inatumia mashua za aina gani, maji yake yana kina gani na magugu kiasi gani, na watu wake wanaongeaje mashua zao zikigongana.

Mimi ni dereva wa basi katika mji mmoja wa pwani ya kusini mwa Uingereza, mzaliwa wa Wete, Pemba. Jumapili nisipokuwa na zamu nipo bwawani. Nikituma picha nyumbani, au kwa jamaa walioko Leicester na Muscat, maswali huwa yale yale: inakwendaje bila injini, mnashindanaje, na mtu aanzie wapi.

Inakwenda kwa upepo, basi. Mashua ni ndogo lakini tanga ni tanga na upepo ni upepo. Rimoti ina kazi mbili tu: kijiti kimoja kinageuza usukani, kingine kinavuta na kulegeza kamba za matanga kwa winchi ndogo iliyofichwa ndani ya mashua. Hakuna mota ya kusukuma wala pangaboi. Aliyekulia kwenye dau au ngalawa amezoea kuusikia upepo shavuni, na chombo kikianza kulala anakisikia mwilini kabla hajakiona. Huku umesimama nchi kavu, mashua iko mita 50 mbele yako, na upepo unaokupiga wewe usoni si ule unaolipiga tanga lako. Umebakiwa na macho peke yake. Ndiyo maana nasema aliyejifunza kuangalia atamshinda aliyejifunza kununua, na karibu kila ninaloeleza hapa ni namna ya kuangalia.

Nunua mashua waliyo nayo wenzako

Klabu ndiyo inayokuchagulia mashua. Hata ukiwa na chombo kizuri kuliko vyote, kikiwa peke yake majini hayo ni matembezi, si mbio. Klabu nyingi hapa zina kundi la DF65, yaani DragonFlite 65: mashua ya sentimita 65, uzito wa kilo moja na robo hivi, iliyobuniwa na Waingereza na kutengenezwa na kampuni ya Joysway ya China. Inafika kwenye boksi pamoja na rimoti, karibu imekamilika, kwa bei iliyo kati ya pauni 200 na 300. Ninachoipendea zaidi ni kwamba sheria zake zinabana. Huruhusiwi kuuchonga mwili, kubadilisha mkuku (lile bawa la chini ya mashua) wala kuongeza risasi ya uzito. Mwenye pesa na asiye nazo wanashindana kwa chombo kile kile.

Juu yake kuna dada yake, DF95. Juu zaidi kuna IOM (International One Metre), mashua ya mita moja isiyopungua kilo 4, daraja la kimataifa tangu 1988 lenye mashindano yake ya dunia. Ya 2022 yalifanyika Rijeka, Croatia. Ni chombo cha kupendeza, lakini kipya cha ushindani kinaweza kupita pauni 2,000, na karibu kila kitu juu yake kinarekebishika. Mwanzoni hutajua kama umeachwa nyuma kwa sababu ya tanga ulilofunga vibaya au kwa sababu ya boya ulilolizunguka vibaya. DF65 inakupunguzia mashaka hayo.

Ya mtumba haina ubaya, hasa ukiinunua kwa mwanachama anayehamia daraja jingine, kwa sababu utamkuta hapo hapo Jumapili inayofuata ukiwa na swali. Fungua kifuniko, chungulia kisanduku cha betri: vyuma vikiwa na ukungu wa kijani, chumvi imeshaingia. Kisha shika mwili kwa mkono mmoja na mkuku kwa mwingine, utikise. Visicheze.

Lipa uanachama mapema. Klabu nyingi ziko chini ya Model Yachting Association, chama chenye asili ya mwaka 1911, na uanachama unakuja na bima endapo mashua yako itamuumiza mtu au kuharibu mali yake. Utapewa na namba ya mashua. Tarakimu zake mbili za mwisho ndizo zinazokaa kwenye tanga. Majini watakuita kwa namba hiyo, kwa hiyo izoee.

Usiku wa kuamkia mbio

Maji ndiyo adui wa kwanza. Mrija wa usukani unapopita sakafuni mwa mashua, jaza grisi ya silikoni. Kifuniko kikandamize kwa mkanda unaozuia maji hata kama kinaonekana kimekaa sawa. Weka kipande cha sifongo ndani: kila baada ya mbio kadhaa ukikiminya utajua kama chombo kinavuja na kwa kasi gani. Sehemu ya omo, yaani mbele ya mashua, ambako hakuna kifaa chochote, ijaze foromu au viputo vya plastiki, kwa sababu risasi iliyo chini ya mkuku inazuia mashua isipinduke lakini haiizuii isizame.

Betri chaji zote, za rimoti na za mashua. Betri ikichoka winchi hupungua nguvu kabla usukani haujaonyesha dalili yoyote, na utajua hivyo tu pale matanga yatakapogoma kuvutika ukiwa mbele ya wenzako. Washa rimoti kwanza, kisha mashua. Ukizima, zima mashua kwanza. Ukifuata mpango huo winchi haitapokea amri kutoka hewani na kuzikata kamba.

Sasa matanga, na hapa usiharakishe. Weka mashua kwenye stendi yake, washa, vuta matanga hadi mwisho. Ufito wa chini wa tanga kubwa usikae katikati kabisa ya mashua; ncha yake ya nyuma iwe nje ya mstari wa kati kwa milimita 10 hadi 15. Tanga la mbele liwe wazi zaidi: mimi huanzia milimita 45 kutoka mstari wa kati hadi ncha ya ufito wake. Pima kwa rula, usikisie. Kisha angalia tumbo la tanga pale chini, kati ya kitambaa na ufito. Kidole changu kidogo kinapita hapo kikigusa pande zote mbili, milimita 12 hivi. Upepo mkali napunguza, upepo wa wastani naongeza kidogo.

Halafu angalia ukingo wa nyuma wa tanga kuanzia chini kwenda juu. Usiwe umenyooka wima. Juu unatakiwa ufunguke kwenda nje kidogo, kwa sababu upepo wa juu una kasi kuliko wa chini. Kamba ndogo inayovuta ufito kwenda chini ndiyo inayoamua hilo. Ikiwa imekazwa mno, tanga linaziba juu na mashua inalala ubavu bila kwenda mbele. Ikiwa imelegea mno, nusu ya juu ya tanga haifanyi kazi.

Asubuhi ukifika bwawani, kabla hujaitia mashua majini, ishike mkononi ukiwa umeuelekea upepo, kisha uigeuze taratibu hadi pembe ya kama nyuzi 45. Tazama kingo za mbele za matanga yote mawili. Zikianza kutetema wakati mmoja, umefunga vizuri. La mbele likitetema mapema, livute ndani kidogo. Jaribio hilo halizidi dakika, na kuna watu wenye mashua za gharama wasiolifanya.

Zunguka bwawa

Bwawa letu limejengwa kwa zege, upande mmoja kuna miti na kibanda cha aiskrimu, upande wa pili barabara na bahari. Upepo wa bahari ukivuma unafika safi. Upepo wa bara unapitia kwenye miti, na nyuma ya miti kunakuwa na eneo lililokufa ambako mashua zinasimama huku za mita kumi pembeni zinakwenda. Kila bwawa lina yake. Fika mapema, lizunguke lote kwa miguu, ukiangalia uso wa maji: palipo na rangi nyeusi na vijikunjo kuna upepo, panapong'aa hakuna. Vile viraka vyeusi vinatembea. Angalia vinatokea wapi na vinaelekea wapi, maana mara nyingi vinapita njia zile zile asubuhi nzima.

Usiiamini bendera iliyo juu ya paa. Upepo hupungua kadiri unavyokaribia maji, na mlingoti wa DF65 ni wa mita moja hivi. Mimi nimefunga kipande cha mkanda wa kaseti ya zamani juu ya mlingoti. Ni chepesi mno, hata pumzi inakigeuza, na kinaniambia ukweli wa pale pale tanga lilipo.

Mchezo ukishaanza, gawa macho yako. Tazama mashua yako kidogo, maji yaliyo mbele yake zaidi, na mara moja moja mashua iliyo juu yako upande wa joshi, yaani kule upepo unakotokea, kwa sababu yale yanayompata yeye sasa yatakufika wewe baada ya sekunde chache. Akilala ghafla, pigo la upepo linakuja. Akisimama wima na matanga yake kutetema, upepo umegeuka.

Kushoto na kulia

Mashua ikienda mbali nawe, kijiti cha usukani kulia, mashua kulia. Ikirudi kuelekea kwako, kulia kwake ni kushoto kwako, na hapo ndipo wageni wengi hugonga ukingo. Dawa yake ni mwili: geuka uelekee kule mashua inakoelekea, uitazame kwa juu ya bega. Mikono itafuata yenyewe. Baada ya wiki chache hutahitaji tena.

Tumia usukani kidogo. Kila ukiugeuza ni breki. Mashua iliyofungwa vizuri, ukiachia kijiti ikiwa inabisha (inakwenda kwa pembe kuupanda upepo), itapanda joshi polepole yenyewe. Ikipanda kwa nguvu, sogeza mlingoti mbele kidogo kwa kufupisha kamba ya mbele na kulegeza ya nyuma. Ikiteremka, fanya kinyume chake. Unapopindua, yaani kuigeuza mashua omo ikipita kwenye upepo, usisukume kijiti hadi mwisho kwa pigo moja. Anza pole, ongeza omo inapoukata upepo, kisha rudisha kijiti kabla mashua haijamaliza kugeuka. Mashua nyepesi hivi ikipoteza mwendo katikati ya kupindua inasimama imeukodolea upepo, na utaanza kurudi kinyumenyume huku wenzako wakikupita.

Kuhusu kamba za matanga, kosa la karibu kila mgeni ni kuvuta sana. Upepo ukiwa mdogo, toa kidogo, uiache mashua ipate mwendo, ndipo uvute. Ukiwa na shaka, legeza.

Dakika ya mwisho

Kuna spika yenye sauti iliyorekodiwa. Klabu nyingi hutumia dakika moja au mbili za kuhesabu: inaita sekunde 50, 40, 30, na kumi za mwisho inazihesabu moja moja. Mstari wa kuanzia ni maboya mawili, na mashua yote lazima iwe nyuma ya mstari mlio wa mwisho unapolia. Ukivuka mapema msimamizi ataita namba yako, na lazima urudi nyuma ya mstari mzima mzima bila kumsumbua mtu, ndipo uanze upya.

Nusu ya mbio inaamuliwa hapa. Atakayetoka wa kwanza ana hewa safi. Walio nyuma yake wanapumua upepo uliochafuliwa na matanga yake. Mambo matatu nayashikilia.

Kwanza, simama ukingoni mahali unapoliona boya moja limelifunika jingine, yaani kwenye mwendelezo wa mstari wenyewe. Ukisimama pembeni, macho yatakudanganya kwa mita nzima. Kila mtu anataka pale, kwa hiyo fika mapema na usimpige mwenzako kikumbo.

Pili, jua mwendo wa chombo chako. Mashua ya sentimita 65 haizidi sana mita moja kwa sekunde hata ikienda vizuri, kwa sababu kasi ya mashua ya namna hii inabanwa na urefu wake majini; na ikibisha inakwenda chini ya hapo. Kwa hiyo sekunde kumi zikibaki, kuwa mita tano au sita nyuma ya mstari, matanga yamelegea nusu, mashua inasogea. Vuta zikibaki nne. Mashua iliyosimama kabisa inachukua muda mrefu kuamka kuliko unavyodhani.

Tatu, jiulize ni ncha ipi ya mstari iliyo karibu zaidi na upepo. Ipitishe mashua katikati ya mstari ikiuelekea upepo moja kwa moja: omo itaelekea kidogo upande wa boya moja kati ya mawili. Ncha hiyo ndiyo bora. Lakini kama wewe ni mgeni na mashua kumi na tano zimejazana pale, anza mita tatu pembeni ambako kuna nafasi. Utakuwa wa tano kwa usalama badala ya wa mwisho kwa ujasiri.

Sheria za kushika kabla ya nyingine

Mashindano yanafuata sheria zile zile za mashua kubwa duniani zinazotolewa na World Sailing kila baada ya miaka minne, za sasa zikiwa za 2025 hadi 2028, na Kiambatisho E kinazirekebisha kwa ajili ya rimoti. Kitabu ni kirefu. Kwa miezi ya kwanza shika haya.

Mashua inayopokea upepo ubavu wake wa kulia ina haki. Inayopokea ubavu wa kushoto inapisha. Utasikia mtu akiita “Stabodi!” pamoja na namba yake. Kama upepo wako unaingia kushoto, huyo anakuambia wewe: pindua, au pita nyuma yake. Kupita nyuma kwa kawaida ni bora, maana unapoteza urefu wa mashua moja tu.

Mkiwa mnapokea upepo ubavu mmoja na mko sambamba, aliye upande wa joshi anampisha aliye demani, yaani kule upepo unakoelekea. Mkifuatana, wa nyuma anamkwepa wa mbele. Anayepindua anamkwepa kila mtu mpaka amalize kupindua.

Kwenye boya, kuna eneo la urefu wa mashua nne kulizunguka. Kwa DF65 ni mita 2.6. Mkiingia humo sambamba, wa nje anampa wa ndani nafasi ya kulizunguka. Ila kwenye boya la joshi, mashua mbili zinazobisha, kila moja ikipokea upepo ubavu tofauti na mwenzake, hazihusiki na hilo. Hapo inasimama ile sheria ya kulia na kushoto.

Ukikosa, au ukiligusa boya, adhabu yako ni duara moja: unapindua mara moja omo ikipita kwenye upepo, na mara moja tezi, yaani nyuma ya mashua, ikipita kwenye upepo. Lifanye mara moja, mahali pa wazi. Kwenye klabu yetu hakuna kitu kinachoheshimiwa kuliko mtu anayefanya duara lake bila kuambiwa. Kuna wazee pale wanaokimbiza mashua miaka mingi, mmoja aliyekuwa fundi umeme bandarini; akigusa boya kwa ncha ya ufito, hata kama hakuna aliyeona, utaona mashua yake inazunguka. Ukionewa, ita papo hapo namba yako na namba ya mwenzako kwamba unalalamika, kisha endelea na mbio. Mjadala ni baada ya mbio, ukiwa na chai mkononi, na kwa jina lake, si kwa namba.

Boya liko wapi hasa?

Hili ndilo gumu kuliko yote na hakuna anayelieleza vya kutosha. Boya likiwa mbali nawe, huwezi kujua kwa urahisi kama mashua yako imelipita au bado. Kitu kidogo cha kuangalia ni hiki: nani anamziba nani. Mwili wa mashua ukiliziba boya, mashua iko upande wako. Boya likikatiza mbele ya mwili wa mashua, mashua iko upande wa ng'ambo. Jizoeze na boya moja, mashua moja, siku isiyo na mbio, ukilizunguka tena na tena ukiwa umesimama sehemu tofauti za ukingo. Watu wanaona ni mazoezi ya kitoto, ila ndiyo yanayotenganisha wa tatu na wa kumi.

Kwa kawaida maboya huachwa kushoto. Kwa hiyo lifikie boya la joshi ukiwa unapokea upepo kulia, mapema, na juu kidogo ya mstari unaokutosha kufika. Wanaokuja kutoka upande wa pili watalazimika kukupisha. Ukija na upepo kushoto dakika ya mwisho, utakuta safu ya mashua zenye haki na hakuna tundu la kupenya. Kwenye boya la demani, ingia kwa mbali, toka ukiligusa kwa macho: upana uwe kabla ya boya, ukaribu uwe baada yake.

Upepo ukiwa nyuma, legeza matanga yote, na jaribu kuliweka kubwa upande mmoja na la mbele upande wa pili; la mbele litapata hewa yake. Tazama nyuma wakati huo, kwa sababu upepo unatoka huko pamoja na washindani wako. Ukiona omo inazama na maji yanapanda juu ya sitaha hadi kwenye mlingoti, upepo umelizidi tanga lako. Kuna seti za matanga za ukubwa tofauti, A ikiwa ya kawaida, B na C za upepo mkali. Ibadilishe kati ya mbio na mbio bila aibu. Mwenye tanga dogo anayekwenda sawa anampita mwenye tanga kubwa anayezama na kuibuka.

Alama ni rahisi: wa kwanza anapata 1, wa pili 2, na kuendelea, mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Mbio ni fupi, dakika kumi au kumi na tano, na asubuhi moja huwa na nyingi, na baadhi ya matokeo yako mabaya hufutwa. Kwa hiyo kumaliza wa nne kila mara kunalipa kuliko kuwa wa kwanza mara moja na kugonga watu mara tatu. Magugu yakikunasa kwenye mkuku, mashua itaonekana inakwenda lakini wote watakupita. Irudishe ukingoni, safisha, uwe tayari kwa mbio inayofuata.

Kwa walioko pwani yetu

Mara kwa mara naulizwa kama hili linawezekana Tanga, Mombasa au Unguja. Linawezekana, na watoto wetu wanaokimbiza vidau vya kuchonga ufukweni wameshajua nusu ya kazi. Mnahitaji mashua mbili za aina moja na maboya mawili. Tofauti ni maji.

Usichague ufuo wa bahari kuu. Tafuta hori au mlango wa mto uliokingwa na mawimbi. Angalieni mwezi kabla ya kupanga siku. Wakati wa bamvu maji huweza kupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo wake unaikokota mashua ya kilo moja popote unapotaka. Shindaneni siku za maji mafu, maji yakiwa yamejaa na kutulia. Asubuhi na mapema, umande ukivuma kutoka bara, ni mzuri kwa kujifunza kwa sababu ni mwepesi, ila unaelekea baharini. Awepo mtu na dau au kayaki ya kufuata mashua betri ikizima. Kaskazi ya Desemba hadi Machi inawafaa kwa tanga la A. Kusi ikishika, andaeni B.

Na chumvi. Mkitoka majini, suuzeni mashua yote kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) kabla ya kuongea na mtu: mrija wa usukani, kamba, vyuma vya mlingoti. Fungueni kifuniko, toeni betri, futeni ndani kwa kitambaa kikavu, na iacheni wazi kivulini mpaka kesho yake. Grisi ya silikoni itiwe upya kila mara. Kama kuna soketi za umeme zilizoguswa na maji ya bahari, zioshwe kwa maji baridi hizo nazo, zikaushwe, kisha zipakwe grisi kabla ya kuunganishwa tena.